Soksi za Mikono

Gharib bin Omari alikuwa ametimiza miaka kumi na minne Karagwe, na kila asubuhi ya miaka hiyo yote alitoka nje ya nyumba yake ya Ihembe akaitazama baridi kama mgeni aliyeketi barazani bila kupiga hodi. Alikunja mikono kwapani, akapuliza vidole, akausemesha ukungu. Alisema baridi hii si ya binadamu. Alisema maji ya kutawadhia yana meno. Majirani waliokuwa wakielekea kwenye migomba yao, wengine vifua wazi, walimwamkia kwa heshima zote, na wakishapita kona walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mkewe hakucheka, walau si mbele yake. Alikuwa Mnyambo wa papo hapo Ihembe. Jina lake la kwao lilikuwa Kokugonza, la siku ya nikahi Asia, na hilo la pili hakulitumia mtu isipokuwa Gharib, tena akiwa na shida. Alikuwa msusi wa vikapu aliyejulikana hadi Songambele. Watu walisema vikapu vyake havivuji maji, ingawa hakuna aliyewahi kujaribu. Malalamiko ya mumewe alikwisha kuyazoea, na asubuhi ambayo hakuyasikia alikwenda kumgusa paji la uso kama ana homa.

Lakini mwaka ule malalamiko yaliota mkia. Ilikuja barua kutoka pwani kwamba mdogo wake Gharib, Abdulrahim, angefika baada ya masika kwa gari moshi na meli ya ziwani. Gharib aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia yake, na alipomaliza kupuliza vidole akasema, "Abdulrahim akija tufunge virago. Tutarudi Pangani sote. Baridi hii itaniua, Asia."

Kokugonza hakujua mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kufika. Yeye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Bukoba, siku chache, na hata huko alilala vibaya kwa kusikia watu wakiota kwa lugha nyingine. Nyuma ya duka alikuwa na kibanja chake, migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na katikati ya kibanja hicho amelala mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Dada zake watatu walikuwa mwendo wa asubuhi moja. Hakutaka kwenda. Aliogopa, na alijua wazi anachokiogopa: akikataa, Gharib ataondoka na binti yao Mwajabu, maana mtoto ni wa baba; akikubali, atakufa mahali ambapo hakuna mtu atakayemlilia kwa Kinyambo.

Basi akakaa akafikiri. Mume hakusema amewachoka watu wa Ihembe. Hakusema biashara imekufa, wala kwamba ndizi zimemkinaisha, ingawa hilo la ndizi alikuwa akilisema siku za Ijumaa. Alisema baridi. Na baridi, alijiambia Kokugonza, ni adui anayeweza kuzuiwa.

Kule Bukoba yeye na Gharib walikuwa wamefikia jirani na mke wa shaushi mmoja, sajini wa askari wa Kisudani, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa akimfumia mumewe soksi kwa sindano tano za chuma. Kokugonza alikaa naye alasiri mbili. Hawakuelewana hata maneno kumi, lakini msusi wa vikapu hawezi kuona vidole vya mwenzake vikienda mbio asiviibie. Aliuona uzi unavyopita, aliona vitanzi vinavyozaa vitanzi, na aliporudi Ihembe akaviweka kichwani miaka mitatu bila kazi.

Sindano alizipata kwenye mwavuli. Ulikuwa mwavuli wa fahari wa Gharib, lakini mchwa walikuwa wameutafuna mpini, na mbavu zake za chuma zilikuwa zimelala bure juu ya dari. Kokugonza alizikata, akazinoa kwenye jiwe la kisu mpaka ncha zikalainika. Uzi nao ulikuwa dukani. Gharib aliwahi kudanganywa na Mhindi mmoja akanunua fulana sita za kibaharia za sufu nzito, rangi ya wino, ambazo hakuna Mnyambo aliyekubali kuvaa kwa sababu zilikuwa zikiwasha kuliko upupu. Akafumua ya kwanza, akauzungusha uzi kuwa tufe kubwa kama boga, akaanza.

Sasa, kikapu kinaanzia chini. Kila msusi wa Karagwe anajua hivyo kabla hajaota meno ya pili: unaanza na kitako, duara dogo kama jicho, unazunguka, unazunguka, unapanda. Na soksi ya mke wa shaushi nayo ilianzia penye vidole, pamefungwa, ikapanda kuelekea ugokoni. Kwa hiyo halikumjia kabisa Kokugonza wazo la kuanza kitu kikiwa na tundu. Tangu lini chombo kikakosa kitako? Alianza chini, akazunguka, akapanda, na baada ya siku nne akampa mumewe vifuko viwili vya sufu, vya duara, vyenye kitako imara kuliko cha kikapu cha bulo, ulezi wa kule.

Gharib alivivaa akafurahi sana. Alifurahi mpaka alipotaka kufungua mlango. Kisha alitaka kuvuta kilemba chake mbele, akakisukuma nyuma. Uji alilishwa na Mwajabu, aliyekuwa na miaka minane na hakuwahi kupata nafasi nzuri namna ile ya kumwambia baba yake apanue kinywa na asimwage. Lakini vidole vilikuwa na joto, na Gharib alikuwa mtu wa shukrani. Aliinuka na vifuko vyake akaenda kufungua duka, yaani Kokugonza alikwenda kumfungulia.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee Kashaija, aliyekuja na ngozi mbili za ng'ombe kutafuta kaniki ya mkewe. Siku zile kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na watu walijua urefu wa mkono wa kila mwenye duka kati ya Ihembe na ziwani. Wa Gharib ulikuwa wa wastani, lakini ulikuwa mkono mwaminifu, na ndio uliomweka mjini. Mzee Kashaija alitafuna buni yake taratibu huku akiangalia kifuko kinavyotembea juu ya kaniki, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Kwenye wa tatu akaweka fimbo yake juu ya kitambaa.

"Gharib," alisema, "mimi nimekuja kupimiwa kwa mkono wako. Huo mfuko simjui baba yake. Humo ndani nitajuaje kama umekunja kidole?"

Gharib aliapa kwamba kidole kimenyooka. Mzee akasema hata yeye angeapa. Watu wawili waliokuwa wakisubiri mlangoni wakakubaliana kwamba jambo hilo si la kuapiwa, ni la kuonwa. Mwishowe Gharib akavua, akapima upya kwa mikono mitupu, huku akimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayehesabu siku za kufika meli.

Kokugonza hakulala mchana ule. Alikaa kibanjani na vile vifuko mapajani, akavigeuza ndani nje, akauona ukweli wote kwa mara moja, na aliona haya kwa sababu ulikuwa ukweli mdogo sana. Mkono una mambo ya kufanya. Unapima, unahesabu tasbihi, unatia kufuli, unamega tonge, unatoa salamu. Kinachotaka joto ni kiganja na kifundo, penye mishipa. Vidole viachwe vifanye kazi yao na macho ya wateja yavione. Akakata kitako. Aliyekuwa msusi tangu utotoni alikata kitako cha kazi yake mwenyewe kwa kisu cha kumenyea ndizi, na moyo ulimuuma kweli. Kisha akafumua mpaka penye mafundo ya vidole, akafunga ukingo, akaacha dirisha pembeni la kidole gumba.

Kitu hicho hakikuwa na jina. Mwajabu akakiita soksi za mikono, na likabaki hilo.

Safari hii mzee Kashaija aliitwa makusudi, akapewa buni na kiti. Alikishika kidole cha kati cha Gharib akakinyoosha mwenyewe, akakagua kiwiko, akaangalia juu na chini, akatoa hukumu kwamba mkono ni uleule ila umevaa blanketi. Tangu siku hiyo Gharib alipima kaniki na merikani akiwa na joto mpaka kwenye kifundo. Alizivua mara tano kwa siku kutawadha, na kila alipozivaa tena alitoa pumzi ndefu ya raha kama mtu aliyefika kwake. Alizitembeza sokoni. Alizionyesha msikitini, kwenye kile kijumba chao cha udongo, mpaka imamu akamwomba aache kuinua mikono juu sana wakati wa dua.

Mwajabu naye alitaka zake. Kokugonza akafumua fulana ya pili, akamfumia binti, kisha akajifumia mwenyewe, na aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba asubuhi za Ihembe kweli zina baridi, na kwamba miaka yote alikuwa akiisikia bila kuipa heshima yake. Hilo alilifungia moyoni. Mume wa namna ile humpi silaha.

Alingoja sasa asikie kwamba safari imefutwa. Hakusikia. Wiki ya kwanza Gharib alisema mikono haina neno, lakini masikio. Kokugonza akamfumia kofia ya kufunika masikio. Wiki ya pili ikawa magoti. Akafuma vya magoti. Ya tatu ukawa mgongo, hapa, katikati, mahali ambapo upepo unapitia. Fulana ya tano ilikuwa imekwisha fumuliwa, na Gharib akitoka nje alfajiri alionekana kama dubwana la rangi ya wino lililotoka mwituni kutafuta msikiti, na bado alikuwa akisema, Abdulrahim akija. Kokugonza alifuma huku ameng'ata meno. Aliona kwamba anaweza kumfuma mzima, kutoka utosini hadi unyayoni, na bado Gharib akaondoka na Mwajabu.

Abdulrahim aliwasili siku ya mvua ndogo, akiwa na kanzu nyepesi ya melimeli, viatu vilivyomalizwa na tope la Bukoba, na kicheko. Alimcheka kaka yake mpaka akalazimika kushika nguzo ya baraza. Alimsalimia Kokugonza vizuri sana, shemeji huyu na shemeji yule, akampa kanga na tende, kisha akazitazama zile soksi za mikono akasema kwamba pwani wangelipa kiingilio kuziona. Siku ya pili hakucheka sana. Siku ya tatu, kabla jua halijatoka, alimfuata Kokugonza jikoni akiwa amejifunga kanga mbili alizoleta zawadi, midomo imekuwa ya kijivu, akauliza kama kwa bahati kulibaki uzi.

Alimfumia. Alimfumia na huku moyoni anasema, hizi ni za kumsindikizia mume wangu.

Siku ya tano, adhuhuri, jua limepanda na ukungu umekwisha, alimkuta Gharib kibanjani akiangalia migomba kama mtu anayeaga. Alikuwa amevaa vyote. Jasho lilikuwa likimtoka. Kokugonza akasimama mbele yake na subira yake ikamwishia pale pale.

"Baba Mwajabu," alisema, "mikono imepata joto. Masikio yamepata, magoti yamepata, mgongo umepata, na sasa hivi unatoka jasho. Niambie kinachokupeleka Pangani. Kama ni mimi, niambie."

Gharib alifungua kinywa kusema habari za baridi. Aliujaribu upepo, haukuwapo. Akaanza kuvua, kimoja kimoja, kofia, vya magoti, akaviweka juu ya jani la mgomba, na alipobaki mtupu wa visingizio akakaa chini.

Alisema ni mama. Bi Mwanahalima, mama yake, ambaye Gharib alimwacha barazani Pangani akimwambia atarudi baada ya mwaka mmoja, au miwili. Ile barua ilisema macho yake yamefifia na kwamba kila mtu akipiga hodi anauliza, ni Gharib? Mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, mwenye duka, mwenye ndevu, alisema Gharib, atawaambiaje watu anamlilia mama? Baridi ilikuwa rahisi kuisema. Watu walicheka, na yeye hakulazimika kueleza.

Kokugonza alisikia hasira kwanza. Miezi miwili alipigana na ukungu, alikata kitako cha kazi yake, alimaliza fulana tano, na adui hakuwamo humo kabisa. Kisha akacheka, akashindwa kujizuia, na Gharib naye akacheka huku anafuta pua kwa ncha ya kanzu. Lakini hofu yake haikupungua. Baridi ina dawa yake. Mama hana.

Alilifikiria lile kaburi dogo la siku tisa, lililokuwa hatua chache tu kutoka pale walipokaa, na ambalo yeye mwenyewe alilitembelea kila alipokata ndizi. Hakuweza kumnyima mwenzake.

"Imebaki fulana moja," alisema walipokwisha kurudi barazani. "Nitamfumia mama. Mkono wake ni mkubwa kiasi gani?"

Abdulrahim alikuwapo, anakunywa uji. Gharib alifurahi kuulizwa. Hilo alilijua sana. Mama yake ana mkono mkubwa, alisema, mkono wa kazi, alikuwa akikishika kichwa chake chote kwa kiganja kimoja anapomnyoa. Akanyoosha mikono hewani akaonyesha: kiganja hivi, kifundo hivi. Kilikuwa kiganja cha mpagazi. Abdulrahim aliangua kicheko, uji ukampalia. Kisha akamtazama kaka yake vizuri, akaona kwamba hatanii, na kicheko kikamkatikia kinywani.

"Kaka," alisema, "hivyo ndivyo ulivyomwona ukiwa mtoto." Akamwita Mwajabu aliyekuwa akicheza uani, akamshika mkono, akauinua. "Mama sasa ni huu. Labda mwembamba zaidi."

Gharib aliutazama mkono wa binti yake. Alilia mbele ya mdogo wake na mkewe na mtoto, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kokugonza alifuma jozi hiyo kwa siku mbili, akimpima Mwajabu. Ilikuwa ndogo kuliko zote alizowahi kufuma za mtu mzima. Alipomaliza alimkabidhi Gharib, wakiwa wawili dukani, akamwambia aliyokuwa amejiandalia. Aende na Abdulrahim. Yeye na Mwajabu watabaki, duka litabaki, na mikono anayo.

"Kamwone," alisema. "Kama anaweza safari, mlete, nitamtunza. Na ukimwona ukashindwa kumwacha, baki. Lakini unitumie neno kwamba ni mama. Usinisingizie baridi tena."

Gharib aliapa atarudi. Kokugonza akamkumbusha kwamba na mama yake alimwapia hivyohivyo. Hilo lilimchoma, na alikusudia limchome.

Wakaondoka kwa miguu kuelekea Bukoba. Alisimama njiani mpaka wakazama bondeni, kisha akarudi akafungua duka, kwa sababu mzee Kashaija alikuwa tayari mlangoni. Mzee alitaka kujua atapimiwa na nani. Kokugonza akakunja mkono wa nguo, akaweka kiwiko juu ya meza, akanyoosha kidole. Mzee alipiga hesabu kwa macho, na baada ya muda uso wake ukachangamka. Mkono wa Kokugonza ulikuwa mrefu kuliko wa mumewe kwa upana wa vidole viwili. Kufika Ijumaa nusu ya Ihembe walikumbuka kwamba wanahitaji kaniki, na wengi walimwombea Gharib safari ndefu yenye baraka.

Kokugonza hakumwombea hivyo. Mchana alicheka na wateja. Lakini kila mtu aliyetokea bondeni na mzigo kichwani alimfanya aache kupima katikati, na siku nyingine alipoteza hesabu akaanza upya. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Wa tatu ulipoingia aliacha kutazama njia, au alijiambia ameacha. Dada zake walikuja kukaa naye, wakakwepa kulitaja jina la Gharib, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangelitaja.

Mwezi wa nne, siku ya soko, ikaja machela. Wapagazi wawili waliibeba kwa urahisi kama iliyokuwa tupu, na kando yake alitembea Gharib, amekonda, mkono mmoja umeshika ukingo wa machela kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongozwa. Kokugonza aliacha kitambaa mezani na mteja mlangoni. Alipiga magoti njiani kama anavyopiga mkaza mwana wa Kinyambo, mbele ya bibi kizee mdogo aliyefunikwa buibui, mwenye macho meupe na soksi za mikono za rangi ya wino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alinyoosha mkono, akautafuta uso wa Kokugonza, akaupapasa polepole, paji, pua, mashavu, kwa vidole vikavu. "Huyu mwanangu miaka kumi na minne ananiletea kanga. Kanga ninazo sanduku zima, mwanangu. Wewe ndiye uliyeuliza mkono wangu umekuwaje. Nikasema, huyo lazima nifike."

Machozi yalimshuka Kokugonza mpaka kwenye vidole vya bibi, naye hakuvitoa. Alimwachia alie apendavyo, huku kwa mkono wa pili akimwashiria Gharib asisimame pale kama nguzo, aingie ndani akaupikie msafara wote uji.